Mawe Manane na Mgonjwa wa Pili

Akheri, 21 Novemba 1998

Mpendwa Mama Uwesu,

Pokea salamu zangu pamoja na mkungu huu mdogo. Jirani yangu Evaresta, anayeshuka na ndizi sokoni kila Jumatano na Jumamosi, ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi.

Jumanne nilikuwa mjini na nilipita Kaloleni bila kubisha mlangoni pako. Niliona aibu. Nilikuwa natoka kliniki ya kisukari. Damu niliyotoa kabla ya kula ilisomwa kumi na moja nukta nne. Daktari, kijana mpole, alisema vidonge vimefika mwisho wa kipimo chao. Tarehe 30 Machi atanipima tena, na ikiwa sitakuwa chini ya nane nitaanza sindano za insulini.

Sindano siiogopi. Ninachoogopa ni friji. Dawa hiyo inahitaji ubaridi, na umeme kwetu umeishia kwenye nguzo ya kanisa. Eliud amekwisha amua: nikianza sindano nitahamia kwake Kisongo, kwenye friji na kochi. Ni mwana mwema. Lakini nina miaka hamsini na minane, Mama Uwesu, na sijawahi kulala katika nyumba ambayo sikuipiga lipu mwenyewe. Nikiondoka na friji ikawa ndiyo sababu, sitarudi.

Wewe ulisoma damu za watu katika maabara kwa miaka thelathini. Niambie ukweli: kuna kitu ninachoweza kufanya mpaka Machi, au nianze kufunga masanduku?

Wako tangu wodi ya wazazi,
Magdalena Sumari


Kaloleni, Arusha, 25 Novemba 1998

Kwako Mama Eliud,

Salamu, na baada ya salamu, lawama. Tulizaa siku moja, vitanda jirani, ukanipa nusu ya uji wako. Mtu wa namna hiyo hapiti mlangoni pangu kwa sababu ya tarakimu. Tarakimu si dhambi. Ni habari tu.

Kuhusu swali lako, sijui bado. Sitaki kukupa matumaini ambayo sijayapima, kwa hiyo nijibu yafuatayo, na ujibu kama mwalimu wa hesabu uliyekuwa, si kama mgonjwa:

Hedhi ilikoma lini? Uzito wako kabla na baada? Mwaka 1985 ulibeba nini kwa mikono, mgongo na kichwa katika siku moja ya kawaida? Na leo unabeba nini? Nitajie vitu, uzito na idadi. Usiandike "kazi nyingi za nyumbani". Hicho si kipimo.

Twahira


Akheri, 28 Novemba 1998

Mama Uwesu,

Nimecheka peke yangu mpaka Lilian, mke wa mwanangu Sadoki, akachungulia. Haya, mwalimu anajibu mtihani.

Hedhi ilikoma nikiwa na miaka hamsini na mmoja. Uzito wakati huo kilo sitini na moja, sasa sabini na nne, na zote zimekaa tumboni.

Mwaka 1985, kabla ya shule na baada yake: maji kutoka mferejini, ndoo nne za lita ishirini. Majani ya ng'ombe, mizigo miwili, kila mmoja kama mtoto wa darasa la kwanza. Samadi, makarai sita mpaka shambani. Msimu wa kahawa, kuzungusha mashine ya kumenyea kwa mkono hadi bega liwake moto.

Leo: Eliud ameleta bomba mpaka uani. Majani anakata Lilian. Samadi ni Lilian. Kahawa, tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, wanakuja na magari mpaka getini. Nami nabeba Biblia, kitabu cha nyimbo na kikombe changu cha chai.

Si uvivu. Unajua desturi yetu: mkwe akiingia nyumbani, mama mkwe anatua mzigo. Lilian aliingia mwaka uleule hedhi ilipokoma. Akionekana na ndoo kichwani, mkwe ndiye anayesemwa. Wiki iliyopita nilinyanyua karai, Lilian akalipokonya huku akitazama barabarani: "Mama, unataka wanifukuze?"

Nimepata alama ngapi?

Magdalena


Kaloleni, 4 Desemba 1998

Mama Eliud,

Umepata zote, na umejigundulia ugonjwa mwenyewe. Wamekuheshimu mpaka ukaugua.

Nieleze ninachofikiri. Ghala kubwa la sukari mwilini ni misuli. Msuli unaofanya kazi nzito huichota sukari kutoka kwenye damu na kuitumia. Msuli uliokaa hufunga mlango. Mwanamke akikoma hedhi, misuli hupungua upesi na mafuta huhamia tumboni. Wewe ulikoma hedhi na kutua mizigo karibu kwa pamoja. Milango miwili ilifungwa mwaka mmoja. Nimesoma katika jarida la kitabibu kwamba wanawake wa umri wetu waliofundishwa kuinua vitu vizito, kwa mpango, sukari yao ilishuka. Kutembea kunasaidia, kuinua kunajenga ghala lenyewe.

Mpango ni huu. Tafuta mawe manane, jozi nne, kutoka jepesi hadi zito. Yapimwe na yaandikwe uzito. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa: kuketi na kusimama kitini bila kushika kitu, kuinua jiwe kutoka kiunoni hadi begani, kulisukuma juu ya kichwa, kuinua kikapu chenye mawe kutoka sakafuni, mgongo ukiwa umenyooka. Kila zoezi mara kumi, pumzika, rudia, mizunguko mitatu. Usibane pumzi. Jiwe likikubali mara kumi na mbili kwa urahisi, panda jozi inayofuata.

Vidonge usiviache. Ukitetemeka na kutoka jasho la baridi, kula ndizi mbivu papo hapo na uketi. Mwambie daktari unachofanya. Kila mwezi upimwe katika zahanati ya kanisa, asubuhi, kabla ya kula.

Jambo la mwisho. Jaribio lisilo na mlinganisho ni hadithi tu. Ninamjua mwanamke wa hapa Kaloleni, umri wako, ugonjwa wako, vidonge kama vyako, ambaye habebi kitu. Nitaandika tarakimu zake kando ya zako. Tumwite Mgonjwa wa Pili.

Twahira


Akheri, 20 Desemba 1998

Mama Uwesu!

Mawe niliyaokota mtoni, laini, mazuri kama mikate. Kupima ndiyo ilikuwa kazi. Nikakumbuka mizani ya chama cha msingi cha ushirika, ile kubwa ya kahawa, ambayo sasa imekaa bila mteja. Naftali karani alikuwa mlangoni akisoma gazeti la mwezi uliopita.

"Shikamoo, mwalimu. Umeleta kahawa?"

"Marahaba. Nimeleta mawe."

Akakunja gazeti. "Wanunuzi binafsi wameanza kununua na mawe?"

Alipima yote manane kwa heshima zote, akayaandika kwa chaki: mawili ya kilo tatu, mawili ya nne na nusu, mawili ya sita, mawili ya tisa. Kisha nikamsikia Twahira kichwani mwangu akiuliza: na mizani nayo imepimwa na nani? Nikamwomba Naftali ndoo ya maji. Lita ishirini ni kilo ishirini, na ndoo yenyewe kilo moja. Mizani ikasoma kumi na nane! Chemchemi imeshika kutu kwa kukaa. Kwa hiyo kila sita ya mizani ni saba ya kweli, na jiwe langu la "tatu" ni tatu na nusu. Mawe yangu ni mazito kuliko nilivyojua, nami nina nguvu kuliko nilivyojua.

Nafanya chumbani, saa nne asubuhi, Lilian akiwa amekwenda kukata majani, na mawe yanalala uvunguni ndani ya kitenge. Sijamwambia mtu yeyote hapa nyumbani. Daktari nimemwandikia.

Ijumaa zahanati ilisoma kumi nukta tisa.

Magdalena


Kaloleni, 29 Desemba 1998

Mama Eliud,

Kumi nukta tisa kutoka kumi na moja nukta nne ni tofauti ndogo inayoweza kuwa bahati. Usiimbe bado. Lakini ile ndoo ya maji! Nimesoma sehemu hiyo mara tatu. Katika miaka thelathini nilifundisha vijana wengi wa maabara, na walionipimia mizani kabla ya kupimia kitu hawakuzidi wawili.

Mgonjwa wa Pili, kwa mashine aliyonitumia mwanangu Uwesu kutoka Dar: Ijumaa iliyopita, tisa nukta sita; leo, kabla ya daku, kumi nukta moja. Anaanza akiwa chini yako. Tutaona.

Katikati ya Januari nitakuwa Kondoa kwa msiba wa shangazi. Usisubiri barua.

Twahira


Akheri, 6 Februari 1999

Shikamoo kaka Eliud,

Habari za Kisongo? Sisi wazima, ila nina jambo linaloninyima raha, na Sadoki yuko migodini Mererani, sina wa kumwambia.

Ni Mama. Tangu kabla ya Krismasi anajifungia chumbani asubuhi. Siku moja nilirudi mapema nikasimama dirishani. Nikasikia anahesabu, moja mpaka kumi, anapumua kama mtu anayepanda mlima, kisha kimya, kisha anaanza tena. Jana nikafagia uvunguni nikakuta kitenge kimefungwa, ndani mawe manane, yana namba. Namba, kaka! Na moja limechakaa kwa kushikwa.

Nilikwenda kwa mzee wa kanisa, Melkizedeki, nikamwambia kwa siri. Amesema atakuja Jumamosi ijayo kuuliza kwa upole. Tafadhali uje nawe. Mimi ni mkwe tu. Likitokea neno, watasema nililala.

Shemeji yako,
Lilian


Kisongo, 10 Februari 1999

Mama mpendwa, shikamoo.

Lilian ameniandikia. Sitauliza mengi kwa karatasi. Nitafika Jumamosi na gari, na chumba chako hapa kiko tayari, kina dirisha linalotazama mlima. Naomba tusingoje Machi. Sitaki nije niambiwe kwamba mama yangu alikuwa anateseka chumbani peke yake nami nilikuwa napeleka watalii kuona twiga.

Mwanao,
Eliud


Akheri, 16 Februari 1999

Mama Uwesu,

Kaa chini kwanza.

Jumamosi walikuja wote. Mzee Melkizedeki kwenye kiti kikubwa, Eliud amesimama na funguo za gari mkononi, Lilian mlangoni akijifuta macho kwa khanga. Katikati ya meza, juu ya kitambaa changu cha kufuma, mawe manane.

Mzee akakohoa. "Mama Eliud. Haya mawe yana namba."

"Ndiyo, mzee."

"Namba za nini?"

"Za kilo. Na zimekosewa. Kila sita ni saba."

Wakatazamana. Nikaona hapa maelezo hayatasaidia. Nikayatia mawili makubwa kwenye kikapu, kilo ishirini na moja za kweli, nikanyoosha mgongo, nikainua.

"Mama, weka chini!" Eliud akaruka.

"Ulisoma hesabu kwangu darasa la pili. Hesabu."

"Mama..."

"Hesabu!"

Akahesabu. Moja, mbili, tatu, sauti ya mtoto aliyeshikwa. Alipofika saba alianza kucheka, alipofika kumi alikuwa ameshika ukuta. Ndipo nikampa daftari. Kumi na moja nukta nne. Kumi nukta tisa. Tisa nukta nane. Na Ijumaa, siku moja kabla, nane nukta saba. Ni vidonge vilevile, Mama Uwesu, na chai isiyo na sukari kama ya mwaka jana.

Mzee Melkizedeki akataka kujaribu. Aliinua kikapu mara nne, akakiweka chini taratibu kama mtoto aliyelala. "Mimi," akasema, "ni mzee wa kanisa. Si mzee wa mawe."

Lakini Lilian hakucheka. Alisema kwa sauti ndogo: "Watu watasema nimemnyang'anya Mama ndoo, nikampa mawe."

Nilikuwa nimehesabu kila kitu isipokuwa yeye. Nilijificha kumkinga na maneno ya watu, na kujificha huko ndiko kulikomwingiza humo. Nilimwomba msamaha mbele yao. Mzee akasema jambo hili atalitangaza mwenyewe baada ya ibada: kwamba Mama Eliud anabeba kwa amri ya ugonjwa, na mkwe wake hana lawama. Alilitangaza juzi. Leo kina mama saba wa kwaya wamekuja uani, kila mmoja na jiwe lake. Naftali anasema mizani haijawahi kuwa na foleni namna hii tangu bei ya kahawa iporomoke.

Eliud ameondoka na gari tupu. Lakini amesema wazi: tarehe 30 Machi ndiyo neno la mwisho. Nane au zaidi, nitahamia Kisongo. Nimempa mkono.

Magdalena


Kaloleni, 13 Machi 1999

Mama Eliud,

Nimepokea kipimo chako cha jana: nane nukta mbili. Mteremko umepungua kasi, na nakiri sikulala vizuri. Ongeza mzunguko wa nne kwa miguu na nyonga, kwa sababu misuli mikubwa ndiyo maghala makubwa. Usipunguze chakula kwa hofu, na usiruke kidonge wala kuongeza. Nataka tarakimu ya kweli, hata ikiwa mbaya.

Hata ukishinda, kumbuka kwamba mtu mmoja dhidi ya mmoja si uthibitisho. Mgonjwa wa Pili yuko kumi na moja nukta tano.

Twahira


Akheri, 31 Machi 1999

Mama Uwesu,

Saba nukta sita!

Naandika tena ili niione: saba nukta sita. Daktari alipima mara mbili. Akauliza nimetumia dawa gani ya kienyeji. Nikamwambia mawe. Akacheka, kisha akakumbuka barua yangu, akaacha kucheka, akavuta kiti na kuomba daftari. Sindano hakuna, kwa sasa. Vidonge viendelee, anione baada ya miezi mitatu. Eliud alikuwa nje kando ya gari. Nilimwonyesha vidole saba, akapiga honi mpaka askari wa geti akaja kumkemea.

Nabaki Akheri. Jana jioni nilichota ndoo mbili mwenyewe, nikapita nazo barabarani polepole ili waone vizuri, na Lilian akitembea kando yangu mikono mitupu, ananiongelesha kwa sauti kubwa kama malkia.

Sasa jambo la pili. Nilipata muda wa kusubiri kliniki, nikafungua barua zako na kuzisoma kama daftari la mwanafunzi anayejua sana. Mgonjwa wa Pili alipimwa kabla ya daku. Nani anakuja nyumbani kwako saa hiyo kutobolewa kidole? Katikati ya Januari hukupima, kwa kuwa wewe ulikuwa Kondoa. Lakini ulisema yeye anaishi Kaloleni. Mwishoni mwa Februari hukuandika wiki mbili, Evaresta akaniambia una malaria, na wiki hizo naye hana tarakimu. Mashine ya kupimia aliyokutumia Uwesu kutoka Dar, hukuniambia alikutumia ya nini.

Umri wangu. Ugonjwa wangu. Habebi kitu.

Jibu kama mtaalamu wa maabara, si kama mgonjwa.

Magdalena


Kaloleni, 3 Aprili 1999

Mama Eliud,

Hesabu zako ni sahihi.

Ni miaka minne sasa. Nilisoma damu za mji mzima, nikatoa majibu kwa uso mkavu, na yangu nikaipa namba badala ya jina. Wapwa zangu ninaoishi nao hawaniachi ninyanyue hata birika. Nilijiambia kwamba jaribio linahitaji mtu asiyebeba, na kwamba nikibeba nitaharibu mlinganisho wako. Hoja hiyo ilikuwa nzuri, na ilinifaa kujificha nyuma yake. Nilikuona ukishuka na kujiona nikipanda, Ijumaa baada ya Ijumaa, na nilifurahia la kwanza, la pili nikaliandika tu.

Uliona aibu kwa siku moja ukapita mlango wangu. Mimi nimepita wangu miaka minne.

Twahira


Akheri, Jumatatu ya Pasaka, 5 Aprili 1999

Mama Uwesu,

Lawama nilikuwa nimeandaa ukurasa mzima. Nimeuchana. Tarakimu si dhambi. Ni wewe uliyenifundisha.

Jaribio limefungwa. Mlinganisho umemaliza kazi yake na hauna ruhusa ya kuendelea kuumwa kwa ajili ya sayansi. Jumatano Evaresta atateremka na mkungu, na chini ya ndizi, yamefungwa kwenye kitenge, mawe mawili. Alilalamika nilipompa mpaka nikamwambia aone ni zoezi, sasa anayabeba kwa maringo. Yameandikwa tatu. Wewe unajua ni tatu na nusu.

Onyesha daktari wako kwanza. Waambie wapwa zako mbele ya mtu mzima, siyo kwa siri. Hilo nimejifunza kwa Lilian. Kila zoezi mara kumi, mizunguko mitatu. Usibane pumzi. Nataka tarakimu, hata ikiwa mbaya.

Nusu ya uji wangu,
Magdalena


Kaloleni, 9 Aprili 1999

Mama Eliud,

Daktari ameridhia. Wapwa wameambiwa, mbele ya imamu. Mmoja amelia, mwingine ameomba jiwe lake.

Nimepima mawe upya kwa mizani ya duka la dawa. Kilo tatu na gramu mia nne na themanini. Ulikosea kwa gramu ishirini.

Leo, Ijumaa, saa mbili asubuhi. Kabla ya kula: kumi na moja nukta nane. Mkono wa kulia: kumi, kumi, saba. Mkono wa kushoto: kumi, nane, tano. Pumzi haikubanwa. Mikono inatetemeka hivi sasa, utaona katika mwandiko, na sijawahi kufurahia mwandiko mbaya kiasi hiki.

Jina la mgonjwa: Twahira.